Hamdiya wa Goba: Bastola anayo, sheria anaisoma

Saa mbili na robo asubuhi, Hamdiya Haroub anapima misumari kwenye mzani wa duka lake la vifaa vya ujenzi, Goba. Fundi aliyesimama mbele ya kaunta anataka kilo mbili. Mzani unatulia, naye anatupia misumari mitano ya nyongeza juu yake.

"Tia na ya njiani, mama," fundi anasema.

"Hiyo ndiyo ya njiani. Nikizidisha tena, wewe utajenga ghorofa na mie nitafunga duka."

Hamdiya ana miaka arobaini na saba. Juu ya baibui amevaa koti la kazi la kijivu, na ndani ya koti, kiunoni, ipo bastola anayoimiliki kwa kibali mwaka wa nne sasa. Wateja wengi wanajua hivyo. Wasichojua wengi wao ni kwamba kwenye droo ya kaunta kuna daftari kubwa la shule, ambamo ameandika kwa mkono wake yale yote aliyojifunza kuhusu sheria ya kujilinda.

Duka lilianzishwa na marehemu baba yake kule Temeke. Yeye alilihamishia Goba vilima vilipoanza kujaa nyumba. Miaka mitano iliyopita alivamiwa mchana kweupe, akapigwa nondo begani. Hadi leo mkono wake wa kushoto haupandi kupita sikio.

Aliomba kibali cha silaha. Barua ya serikali ya mtaa, polisi, alama za vidole, mahojiano. Miezi tisa ilipita.

"Nilikuwa na hasira, sikufichi," anasema. "Nilikuwa nawaza, safari hii akiingia mtu, namlaza palepale."

Hasira hiyo ilikutana na Mzee Leonardi, askari mstaafu aliyepewa kazi ya kumfundisha kulenga shabaha. Siku ya kwanza Hamdiya alimwamkia shikamoo, akanyoosha mkono apewe silaha. Mzee hakumpa. Alimpa kiti.

"Mwizi amechukua mkoba wako," akamwambia. "Amekupa mgongo, anakimbia. Unafanyaje?"

"Nampiga."

"Basi umeua mtu, mama. Andaa kanga zako, mahabusu inakungoja."

Hamdiya alikasirika, akataka kuondoka. Mzee akamweleza taratibu: sheria inamruhusu mtu kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali yake, ila kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Hatari ikiisha, na ruhusa ya kupiga imekwisha. Aliyezidisha akaua, atajibu mahakamani.

"Yaani nilikwenda kujifunza kupiga, nikafundishwa kutopiga," anasema, akicheka kidogo. "Usiku ule sikulala. Niliona ningeweza kufungwa nikiamini nina haki."

Siku ya pili alinunua daftari. Kwa mwaka mzima, kila Jumamosi alikuwa akimfuata mzee na maswali. Je, akiwa na panga lakini yuko mbali? Je, akiwa hana kitu mkononi lakini wako watatu? Majibu mengi yalianza na neno moja: inategemea.

Mwaka jana, mwezi wa nane, baada tu ya adhuhuri, maswali yaliingia dukani yakiwa na miguu.

Wanaume wawili walikuja wakiulizia rangi. Augustine, msaidizi wa duka mwenye miaka hamsini na mitano, alipoinama kutoa kopo, mmoja wao alichomoa panga na kumwekea shingoni. Mwenzake aliruka kaunta, akanyakua mkoba wa mauzo.

Hamdiya alitoa bastola, akamlenga mwenye panga. "Weka chini!" alipiga kelele.

Anakiri kwamba kidole kilikuwa tayari. Panga lile lingesogea kidogo tu, angefyatua, na anaamini sheria ingemsikiliza. Halikusogea. Mtu yule alilitupa, akakimbia, na mwenziwe pamoja naye.

"Nikaona mgongo wa yule wa panga. Shati la bluu, limelowa jasho. Hatua kumi hivi. Nje watu wanapiga kelele, 'Piga, mama! Piga!' Nikashusha mkono."

Mwenye mkoba alipotelea mabondeni. Mwenye shati la bluu alidakwa kwenye mtaro, hatua mia moja hivi kutoka dukani. Wananchi wenye hasira walianza na mateke, kisha mawe. Mtu mmoja akapiga kelele petroli iletwe.

Hamdiya alipiga simu polisi. Kisha akafanya jambo ambalo majirani bado wanalizungumza: aliifungia bastola kwenye kabati la chuma, akatia ufunguo mfukoni, akatoka mikono mitupu.

Kwa nini hakwenda nayo? "Sheria inaniruhusu kumlinda mtu mwingine," anajibu. "Lakini watu hamsini wamesongamana, wote majirani zangu. Risasi haichagui."

Alipenya katikati ya watu, akasimama juu ya yule mtu aliyekuwa akivuja damu kichwani. Mbele yake alikuwepo Marselino, dereva wa bodaboda, ameshika tofali.

"Toka, mama. Huyu si alitaka kukuua?"

"Alitaka. Sasa hivi amelala chini, Marselino. Anakutishia nini? Ukimpiga na hilo tofali akafa, wewe ndiye muuaji, na mie ndiye shahidi. Nitakutaja kwa jina."

Marselino akashusha tofali. Wengine waliendelea kutukana, lakini hakuna aliyerusha tena. Polisi walifika baada ya dakika ishirini, ambazo Hamdiya anasema zilikuwa ndefu kuliko mwaka.

Sifa hazikuja. Mtaani alipewa jina, Mama Mtetea Wezi. Mafundi kadhaa walihama duka. Kutoka mifuko thelathini ya saruji kwa siku, akawa anauza kumi na miwili. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa ndani ya duka lenyewe.

"Mimi nimewekewa panga shingoni, niko chini natetemeka," anasema Augustine. "Yeye kanipita, kakimbilia kwa mwizi. Iliniuma sana."

Kwa wiki tatu Augustine hakuongea naye ila kuhusu bidhaa. Hamdiya alimfuata nyumbani kwake, akaomba radhi mbele ya mkewe. "Nilikuwa nimekosa kweli," anasema. "Kumwokoa yule kulikuwa sawa. Kumwacha kaka Augustine bila hata kumuuliza kama ameumia, hapana."

Walikwenda mahakamani pamoja kutoa ushahidi. Mshtakiwa alipohukumiwa kifungo, mwanamke mzee alitoka kwenye benchi la nyuma, akawashika mikono.

"Mie mamake," alisema. "Nimekuja kumsikia akifungwa. Afadhali. Nilikuwa nimejiandaa kuja kumzika."

Njiani kurudi, walipokaribia Goba, Augustine alimgeukia. "Hasira bado ninayo, Mama Ahlam," alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye. "Lakini yule mama nisingetaka kumwona msibani."

Wateja wamerejea polepole. Na wengine huja kuuliza sheria, bila kununua kitu: mwenye bunduki ya urithi asiyejua afanye nini nayo, mlinzi aliyempiga mtu rungu, mzazi ambaye kijana wake alikuwa kwenye kundi lililoua mwizi. Hamdiya hufungua daftari, na pale asipojua husema hajui, akawaelekeza kwa wakili.

Mwezi ujao anaanza mafunzo ya msaidizi wa kisheria. Augustine atashika duka siku hizo. Ubavuni mwa duka Hamdiya ameshaanza kuezeka kibanda cha bati chenye benchi moja na meza.

"Wengi wanakujaga kwangu mtu ameshakufa," anasema, akikung'uta vumbi la saruji mikononi. "Benchi hili nataka wakalie kabla."