Shamba la Mama Lililojenga Mji

Wageni wa loji ninakofanya kazi wanapenda kuuliza mji wetu wa Karatu ulianzaje. Wanauliza wakisubiri gari la kuwapeleka kreta ya Ngorongoro, kikombe cha kahawa mkononi, na mimi niliyesimama mapokezi nimeshazoea kuwajibu. Nawaambia kulikuwa na barabara ya vumbi na maduka machache, malori yakilala hapa kabla ya kupanda huko. Kisha ikaja lami, na baada ya lami vikaja vituo vya mafuta, benki, gereji na loji kama hii. Wanafurahi, wananishukuru, wanapanda gari. Siwaambii kwamba matofali ya ukuta waliouegemea yalitoka kwenye shamba la mama yangu.

Lilikuwa bondeni, kando ya mto mdogo unaopita chini ya mji. Halikuwa kubwa, ukisimama juu kwenye njia ulikuwa unaliona lote. Lakini lilitupa maharage, maboga na mboga hata miezi ambayo mashamba ya juu yamekauka kabisa, kwa sababu mama alilitia samadi kila mwaka tangu alipoolewa. Aliitoa zizini asubuhi kabla ya chai, akaibeba kwenye karai kichwani, akateremka nayo kwa hatua fupifupi. Nami nilibeba nilipokuwa msichana, nikinung'unika njia nzima kwamba nanuka. Udongo wa shamba lile ulikuwa mweusi na laini, ukizamisha mkono unafika kwenye kiwiko. Chini yake ndipo ulipoanzia ule mwekundu wa Karatu, anaoujua kila aliyewahi kufua shati jeupe huku kwetu.

Ule mwekundu ndio uliotuponza. Lami ilipofika kila mtu alitaka kujenga, na kila aliyejenga alitaka matofali ya kuchoma. Jirani mmoja akawasha tanuri bondeni, akafuata wa pili, wakafuata wengine. Kufikia nilipomaliza chuo cha hoteli, kando yote ya mto ilikuwa imegeuka kiwanda kisicho na paa. Huku wanafyatua matofali, kule wanapasua mbao, mbele kidogo mashine za kusaga, na mwishoni kabisa watu wanaosha magari ya watalii katikati ya maji tuliyokuwa tunakunywa. Moshi ulitufuata mpaka kanisani. Tuliyaita hayo maendeleo, na mimi niliyasema kwa sauti kubwa kuliko wengi. Nina hasira ninapoandika haya, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa naona aibu. Wenzangu wa kazini walikuwa na kwao kwa tofali na bati la rangi, na kwetu kulikuwa bado na nyumba ya udongo iliyoegemea upande mmoja. Nikaanza kumsumbua baba. Kila nilipokwenda nyumbani nilimweleza nani amejenga, amejenga vyumba vingapi, ameweka madirisha ya namna gani. Baba alinisikiliza huku akijikuna kidevu. Fedha hakuwa nayo, na kuuza shamba hakuweza. Kwetu mwanamume aliyeuza ardhi aliyopewa na baba yake husemwa mpaka kwenye harusi za wajukuu zake, na baba alikuwa mtu wa kuogopa kusemwa.

Ndipo alipokuja fundi mmoja wa matofali, mtu mpole, mwenye salamu ndefu. Alikaa sebuleni akanywa chai yote aliyopewa. Akamwambia baba, "Mzee, mimi shamba sitaki. Shamba ni lako na la watoto wako. Nipe udongo tu nifyatue, na katika kila tanuri nitakalochoma nitakutolea matofali yako mpaka nyumba ikamilike."

Baba aliomba muda wa kufikiri. Alikwenda kwa wazee wenzake, akarudi uso umekunjuka. "Kutoa udongo si kuuza shamba," alituambia. "Mipaka inabaki ileile." Wazee wote walikuwa wamekubaliana naye, na nusu yao walikuwa wameshafanya hivyohivyo. Hilo ndilo kosa letu, watu wa milima hii, na sidhani kama wengine wangeweza kulifanya. Wasioona aibu kuuza ardhi wangeuza, wakatafuta nyingine kwingine. Sisi kwa heshima yetu tulishika mipaka kwa mikono miwili, tukagawa kilichomo ndani.

Mama hakuulizwa. Aliambiwa, akiwa ameshika birika.

"Na mimi nitapanda wapi?" akauliza.

"Palepale," baba akasema. "Watachimba kidogo tu, halafu utaendelea."

Mama akanitazama mimi. Nilikuwa mtoto aliyesoma, na alikuwa anangoja niseme neno. Nikasema, "Mama, nyumba ya tofali ni heshima yako pia." Nimewahi kusema uongo mwingi kwa wageni kuhusu maji ya moto na umeme, lakini hakuna unaonichoma kama maneno hayo, na siku ile niliyaamini kabisa.

Walianza kazi baada ya maharage kuvunwa. Nilikuwa likizo, nikashuka bondeni na simu yangu nipige picha za kuwaonyesha wenzangu. Sikujua kwamba tofali halitaki udongo mweusi. Ukiwa na mizizi na samadi, tofali hupasuka motoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wale wafyatuaji ilikuwa kuuondoa udongo wote wa juu, na mahali pa karibu pa kuutupa palikuwa mtoni. Waliusukuma kwa majembe na makoleo tangu asubuhi. Maji yakawa meusi mpaka kwenye kona.

Mama alishuka na karai lake la samadi, kwa mazoea tu nadhani. Alipofika njiani akalitua. Kisha akamwambia fundi, "Mwanangu, hiyo si takataka."

"Naelewa, mama," fundi akajibu kwa adabu zote. "Ila tofali haliutaki udongo huu."

Wakaendelea. Mama aliinama, akajitwika tena karai alilokuja nalo, akapanda nalo nyumbani. Picha nilizopiga siku hiyo zilitoka vizuri, na niliwaonyesha watu.

Ile kidogo aliyoisema baba ilichukua misimu mitatu ya kiangazi. Walichimba mpaka mtu akisimama chini huoni kofia yake. Mikaratusi yetu ilikatwa ikawa kuni za tanuri. Fundi alitimiza ahadi, lazima niseme haki. Matofali alitoa, na nyumba ikasimama, vyumba vinne na bati la bluu. Masika yalipofika shimo likajaa maji na vyura. Baba mpaka leo anaupunguza ule ua wa minyaa uliozunguka mpaka, haachi hata mahali pamoja. Akija mgeni anampeleka kumwonyesha. "Mpaka wangu unaanzia hapa," anasema, "unazunguka, unaishia pale." Katikati ni maji ya kijani. Mgeni anaitikia, nami hutafuta kazi jikoni nisione. Na siku hizi, baada ya mji kumaliza kujengwa, wanakuja maofisa kutuambia kwamba kando ya mto hairuhusiwi kuchimba wala kulima.

Mama alihamia nyumba mpya. Alifagia sakafu ya saruji, akaipiga deki, na saa nne asubuhi alikuwa amemaliza kazi zote za dunia. Alijaribu kupanda sukumawiki kwenye mifuko ya sandarusi iliyojazwa udongo wa uani, zikatoka mbili tatu, zikanyauka. Nilimnunulia kiti cha plastiki chenye mikono akae barazani. Alikaa, akanishukuru, na nikarudi kazini nikijiona binti mwema.

Siku moja baba akanipigia simu nikiwa mapokezi. Mama alikuwa ameondoka alfajiri na lori la vibarua, pamoja na wanawake wanaokwenda kwenye mashamba ya Baray kupanda vitunguu. Na haikuwa mara ya kwanza, alikuwa ameshakwenda wiki nzima, baba akiona haya kuniambia. "Watu watasema simlishi," alisema.

Niliomba ruhusa, nikachukua bodaboda na sare yangu ya kazi, nikateremka kule kwenye joto na vumbi. Nilimkuta ndani ya jaruba la vitunguu, amefunga kanga magotini, amepangana na wanawake ambao wengi wangeweza kuwa wajukuu zake. Msimamizi akaniambia kwamba bibi yule haelekezwi mara mbili, na kwamba miche anayopanda yeye haifi. Alisema hivyo akidhani atanifurahisha.

Nilisimama kwenye tuta nikamwita. Hakuja mpaka alipomaliza mstari. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, kwamba ametutia aibu, kwamba nyumba anayo, chakula anacho, watoto anao, sasa inakuwaje mama mzima anafanya kibarua kwenye shamba la mtu.

Alinawa mikono kwenye mfereji taratibu, akaifuta kwenye kanga.

"Hapa kila asubuhi nafika nikijua kwamba shamba si langu," akasema. "Kule bondeni nimebeba samadi tangu nilipoolewa, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia kwamba na lile si langu."

Aliokota fungu jingine la miche, akaniuliza kama nimekula, akaingia mstari uliofuata.