Unyayo Kwanza, Oda Baadaye

Sanduku lilikuwa wazo langu mwenyewe. Miaka ya tisini pale soko la Gikomba hakuna muuza viatu vya mitumba aliyewahi kuwaza kitu kama hicho, wacha nijisifu, na darasa la sita sikulifikia. Nilitoboa boksi la sabuni, nikalifunga kwenye nguzo ya kibanda, nikaweka karatasi na kalamu: andika kiatu unachotaka, nikakununulie. Mtaji wangu ulitosha robota moja tu la viatu. Nikikosea, watoto wanalala njaa.

Likajaa. Nikaingiza mkono kwa furaha. Lo! Maganda ya ndizi, makohozi, karatasi iliyopengewa kamasi, matusi ya kumtukana mama yangu. Karatasi zilizobaki safi, karibu zote ziliomba buti za wanaume, kubwa kubwa. Nikaziamini, nikanunua robota la buti.

Hakuna aliyekuja. Buti zikakaa zinajikunja juani, na jirani yangu muuza suruali anacheka mpaka anashika mbavu.

"Mkubwa, wateja wako wa buti wako wapi? Ama ni jeshi, limeenda vitani?"

"Ni wewe uliandika!"

"Mimi? Soko zima liliandika! Karatasi ni ya bure, hata mlevi akipita anaandika."

Maneno hayo yaliniuma, lakini yalinifungua macho. Nikazitupa buti kwa bei ya hasara, nikabaki na pesa za robota moja dogo, la mwisho. Sanduku nikalipiga teke. Tangu siku hiyo, mwenye oda alivua kiatu, akakanyaga kipande cha katoni, nikauchora unyayo wake kwa mkaa, na kiatu anachotaka nikakiandika kando. Kwenye karatasi mtu atadanganya. Kuvua soksi mbele ya soko zima kwa mzaha tu, nani atakubali?

Lakini jamani, miguu ya watu! Nimepiga magoti mbele ya vidole vilivyoliwa na fangasi, soksi zinazosimama zenyewe, visigino vilivyopasuka na kushika matope yote ya Shauri Moyo. Chai ya saa nne ilinishinda, mkono unanuka.

"Chora haraka, kijana wangu," muuza samaki mmoja akaniambia, "ama unauchumbia huo mguu?"

Katoni zilionyesha akina mama wenye miguu mipana, wanaotaka viatu vya chini. Nikanunua hivyo. Nilipolikata robota walikuwa wameshanizunguka, kila mmoja anavuta chake, mpaka likabaki gunia tupu.

Jioni jirani akaja, akajitupa kwenye stuli, akaanza kufungua kamba za viatu. Harufu ilimtangulia.

"Nichore na mimi."

Nikachukua katoni, nikageuza uso kando, nikachora.