Viazi Alivyovichemsha Bibi Yosefina

Mwalimu Evaline ana nyumba Sofu, Kibaha, lakini siku za kazi hulala Kurui, kwenye chumba alichopanga kwa Bibi Yosefina, mama ambaye hajawahi kumwacha mpangaji atoke na tumbo tupu. Wiki ile alirudi na viazi mviringo vitatu alivyovinunua sokoni Kwa Mathias, Kibaha, na roho yake yote ilikuwa kwenye viazi hivyo.

Kidato cha pili, aliowafundisha baiolojia, walikuwa wanachagua mkondo wa masomo. Vailet, kichwa cha darasa, alikuwa ameshaandika kwenye fomu yake kwamba hataki sayansi.

"Madam, unasema seli ina utando unaochagua kipi kipite na kipi kibaki. Umeshauona ukichagua?" Vailet alimwuliza.

Darasa zima lilicheka. Evaline naye alicheka, ila ilimuuma.

Basi Jumanne alfajiri alimenya viazi viwili, akavichimba katikati kama vikombe, akaenda kuchota maji. Aliporudi, vikombe vyake vilikuwa vinatokota sufuriani.

"Shikamoo, bibi. Jamani, viazi vyangu!"

"Marahaba, mwanangu. Nimeona umeviacha nusu, nikajua umechelewa. Vimeiva hivyo, kula uende."

Alikula kimoja. Cha pili alikwenda nacho shuleni pamoja na kile kibichi kilichosalia.

Darasani alikimenya na kukichimba kibichi, akatia kijiko cha sukari ndani ya kila kiazi, akavisimamisha kwenye sahani mbili za maji safi. Saa nane mchana wakarudi kutazama. Kibichi kilikuwa kimevuta maji mpaka yamejaa ndani. Kilichochemshwa kilikuwa kimelowa tu.

"Onja maji ya sahani," Evaline alimwambia Vailet.

Vailet alionja ya kibichi. "Hayana ladha." Akaonja ya pili, macho yakamtoka. "Haya matamu! Sukari imetoka nje!"

"Kwa nini ya kile kibichi haikutoka?"

Vailet alivitazama tena viazi vyote viwili. "Kile kibichi bado ki hai, madam. Kinaruhusu maji, sukari kinaizuia. Hiki moto umeuharibu utando wake, sasa hakizuii kitu."

Evaline alifurahi, na moyoni akamshukuru Bibi Yosefina. Kwa kiazi kibichi peke yake, binti huyu angesema maji yamejipenyeza tu kama kwenye mtungi wa udongo.

"Na mimi ninao huo utando?" Vailet aliuliza.

"Kila seli yako. Hata sasa hivi unachagua."

Vailet aliutazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena. Kisha akaomba arudishiwe fomu yake.