Ukuta wa Nkowe Uliosiribwa kwa Heshima Yangu

Nilikwenda Nachingwea na Ruangwa kwa sababu ya albamu. Chama chetu cha kuhimiza uchoraji mashuleni kilikuwa na albamu moja nene, iliyokaa kabatini kwa katibu wetu hapa Lindi, na ndiyo iliyoamua shule ipi ipate sanduku la rangi na karatasi mwaka unaofuata. Shule yenye picha ndani ya albamu ilipata, isiyo na picha ilisubiri. Shule ya Nkowe, huko Ruangwa, ilikuwa imesubiri mpaka ikazoea.

"Mwalimu wao anasema watoto wamechora ukuta mzima wa shule kwa mkaa na udongo," katibu aliniambia. "Niletee ukuta huo. Usipouleta, sanduku nalipeleka kwingine. Habari tupu nimechoka kuzisikia."

Mimi nilikuwa mwalimu, mpiga picha wa kujifundisha mwenyewe, na mtu wa hasira za karibu. Nilichukua kamera ya chama, ile ya sanduku, pamoja na mikanda miwili ya picha. Kwa ustaarabu wangu nikatanguliza habari kwa kila shule kwamba naja.

Alfajiri tuliondoka Lindi juu ya lori lililobeba magunia ya chumvi. Mchana tulipumzika Nanganga, ambako mama mmoja alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha. Akalitazama sanduku langu.

"Umebeba nini, baba?"

"Kamera, mama."

"Basi nipige."

Nikamwambia mkanda ni wa shule. "Haya, na mihogo hii ni ya wanaonipiga picha," akasema, akafunika sinia. Alipoona ninameza mate alicheka hadi kanga ikamvuka, kisha akanichagulia kipande kinono kuliko vyote.

Nachingwea tuliingia jioni, mimi nikiwa mwekundu kwa vumbi. Ilikuwa miaka ile ya mradi mkubwa wa kulima karanga, matrekta yakinguruma kila upande, na watoto wa shule hawakuwa wamechora kitu kingine ila matrekta. Asubuhi mwalimu mkuu aliwapanga kwa urefu, kimya, vifua mbele. Nikawaambia wainue picha zao. Wakaziinua zikiwatazama wao wenyewe, maana kila mmoja alitaka kuiona yake! Nikapita nikiwageuzia moja moja. Nilipofika mwisho wa mstari, wa mwanzo alikuwa ameigeuza tena ili ahakikishe trekta lake liko salama. Mkanda wa kwanza uliishia pale, na nusu ya picha zile zilikuja kuonyesha migongo ya karatasi.

Ruangwa nilifika siku ya pili kwa lori jingine. Mwalimu Anselimu wa Nkowe alikuwa amekuja na baiskeli yake tangu jana kunipokea, kijana mwembamba mwenye furaha ya bwana harusi. Akaniazimia baiskeli ya binamu yake, na kulipokucha tukashika njia kati ya mashamba ya mtama na mikorosho.

Njia nzima alinisimulia ukuta. "Kuna tembo, mwalimu, mkubwa kuliko mlango. Kuna garimoshi. Kuna ngoma ya jando na wapigaji wote. Wameufanya kwa mihula mitatu." Nilimpenda bure. Nikajiona tayari nikiubandika ukuta ule katika ukurasa wa mbele wa albamu.

Nkowe tulipokewa kwa vigelegele. Akina mama walikuwa wamejipanga mbele ya shule na kanga zao za sikukuu, mikono yao myekundu hadi viwikoni. Nyuma yao ukuta ulikuwa laini, umesiribwa upya kwa udongo, unang'aa. Tembo hayupo, garimoshi halipo. Hata alama ya mkaa haikubaki.

Mama Salima, aliyewaongoza wenzake, alinipa mkono. "Karibu, mwalimu. Tumeamka gizani tukufutie aibu. Watoto walikuwa wameuchafua ukuta wote. Mgeni angetuonaje?"

Anselimu aliiegemeza baiskeli ikaanguka, na hakuiokota. Mimi nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto, lakini utamfokeaje mtu aliyeamka gizani kwa heshima yako? Habari nilitanguliza mwenyewe. Nikaeleza taratibu nilichofuata, na jinsi sanduku la rangi lilivyotegemea picha ya ukuta ule.

Vigelegele vilikatika. Mama Salima aliugeukia ukuta, akaugusa. Kidole kikaacha shimo.

"Haujakauka," akasema. "Salima! Yule tembo wako alianzia wapi?"

Binti yake akaonyesha. Mama akachora mgongo kwa kidole, mstari mmoja mrefu.

"Siyo hivyo, mama, huyo ng'ombe!"

"Nimemwona tembo kabla hujazaliwa. Amekula mtama wangu."

"Basi masikio!"

Kufumba na kufumbua ukuta ulijaa mikono. Watoto walichimba mistari kwa vijiti, wengine wakaleta udongo mweupe wakaijaza. Akina mama waligombana juu ya ngoma, nani anasimama wapi. Anselimu alikuwa amepiga magoti, akilifanyia garimoshi magurudumu. Jua lilikuwa bado linaupiga ukuta, ila kivuli cha paa kilikuwa kinashuka, na kamera ile bila jua ni sanduku tu. Nikapiga bila kumpanga mtu. Hakuna aliyenitazama. Moyo wangu ulijaa furaha nikacheka peke yangu nyuma ya kamera, kivuli kikafika, mkanda ukaisha.

Safari ya kurudi Lindi niliifanya na kamera mapajani na hofu moyoni, kwa kuwa watu wale hawakutulia hata kidogo. Picha zilipotoka kusafishwa, nyingi zilikuwa ukungu. Moja ilikubali: Salima anacheka, na mkono wa mama yake umefifia kwa mwendo juu ya sikio la tembo.

Katibu aliishika muda mrefu. "Albamu nzima watoto wamesimama kama mashahidi," akasema. "Hawa ndio wa kwanza ninaowaona wakichora." Akaibandika mbele, na sanduku likaenda Nkowe.

Nakala moja nilimpelekea Anselimu. Aliniambia Mama Salima aliitazama sana, kisha akasikitika: "Kumbe ile pembe ya juu ya ukuta hatukuisiriba vizuri!"

Nimejifunza kutotanguliza habari ninapokwenda kupiga picha. Nkowe nao wamejifunza lao. Mpaka leo akitarajiwa mgeni, akina mama wanasiriba ukuta kwa heshima yake kama zamani. Ila wanauacha mbichi, na mgeni akishapewa maji ya kunawa, anaambiwa aje achore.