Samaki Aliyetema Wanawe

Baba mkwe wangu alipokuja kukaa nasi Bamburi baada ya kumzika mkewe, hakuwa akila. Nilimpikia tafi wa kupaka, tui zito, ukwaju wa kutosha. Akamega tonge moja, akaisukuma sahani.

"Samaki huyu ana chumvi ya bahari," akasema.

Yeye kwao ni ziwani. Mimi nimezaliwa Pwani, na tafi wangu hajawahi kusukumwa na mtu. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze, nikanyamaza. Lakini mzee alikuwa akikonda mbele ya macho yangu, ukanda wa suruali umefika tundu la mwisho, nami niliogopa kwamba tutamzika na yeye.

Masika yalipoanza nikakumbuka timbo la zamani la kuchimbia mawe nyuma ya mtaa wetu. Mawe yaliisha kitambo, shimo likajaa maji, na watu wakapandikiza tilapia. Wakati wa mvua samaki hao husogea kandokando, maji ya magoti, wakachimba viota vya mviringo mchangani. Nikatafuta minyoo, nikamwambia, "Baba, twende ukanionyeshe huyo samaki wako asiye na chumvi."

Nadhani alikubali ili nimwache kwa amani. Tulipofika, alivua viatu, akakunja suruali, akaanza kuniamrisha.

"Usitupe kivuli chako majini. Na usikanyage hapo! Hiyo ni nyumba ya mtu."

Kumbe mzee alikuwa na maneno! Nyumbani nilikuwa nikipata "nimeshiba" tu.

Mshipi uliokaza kwanza ulikuwa wangu. Ndoano ilimnasa samaki kwenye pezi, mpana kama sahani, nami nikampandisha kwa vigelegele hadi ndoo ya maji. Huyu ndiye chakula cha mzee, nilijiambia. Mara samaki akafungua mdomo, akatema vijidudu vyenye macho, vikatapakaa ndoo nzima.

"Baba, mtupe! Ni mgonjwa huyu, ana funza!"

Alichungulia ndooni. Akaketi juu ya jiwe, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Wewe mtoto wa bahari! Hao ni wanawe. Huwaficha mdomoni."

"Sasa yeye anakulaje?"

"Hali," akasema, kicheko kikiisha taratibu. "Wakiwa mdomoni, mama hali kitu."

"Na wakishatoka?"

Akainuka, akashika mpini wa ndoo. "Lazima ale, mwanangu. Atafanyaje?"

Kisha akainamisha ndoo ukingoni polepole. Nilitaka kulia, kitoweo changu kinaogelea kikienda zake, lakini kwao samaki mwenye watoto mdomoni harudi nyumbani na mtu. Tulisimama tukiangalia. Samaki akatulia mchangani, akafungua mdomo, na wale wadogo wakaingia mbio. Mzee akapiga makofi. Hatukupata mwingine, maana mvua ilitufukuza.

Tulifika nyumbani tumelowa chapachapa, ndoo tupu. Mlangoni akakohoa.

"Yule tafi wako wa chumvi, amebaki?"

"Wa jana amebaki kichwa, Baba."

"Kichwa ndiye samaki mwenyewe."

Nilipasha tui, nikasonga ugali, nikamwandalia, nikakimbilia jikoni nisije nikamkodolea macho. Nilikuwa nimeegemea sinki, najifuta macho kwa kanga na kucheka peke yangu, nilipomsikia akiita.

"Mama, huku ugali umeisha!"