Tako Moja Kigodani

Mwenye duka la dawa pale Majengo hakukaa kama watu. Alikalia tako moja kigodani, na kina mama wa Mkonze walisema ni maringo ya Kihindi. Ruthu naye aliamini hivyo. Mzee yule alikuamkia kwa Kigogo "Mbukwa" hata kabla hujavuka kizingiti, kisha akasikiliza kikohozi chako, vidole vyake vyenye madoa ya dawa vikifuta chupa isiyo na vumbi. Siku Ruthu alipotaka kununua sindano za kifua kikuu, vidole vilisimama.

"Shikamoo, mzee. Niuzie dawa ile ile ya mwanzo. Hospitali ya serikali walinichoma hadi nikashindwa kukaa. Nilipopata nafuu nikatoroka. Sasa nitarudi kwa uso gani?"

"Marahaba, mama. Ile ile ugonjwa wako umeshaizoea. Wao wanazo nyingine, mimi sina."

Akafunga duka mchana kweupe, akavaa kofia, akatangulia. Njiani hakumhubiria, alipunguza mwendo tu kila Ruthu aliposhikwa na kikohozi. Ruthu alijua wataachana getini, maana Wazungu walikuwa na mlango wao, na Wahindi wao. Lakini mzee aliingia naye, akaketi kwenye benchi la wanaokohoa, tako moja vile vile. Mganga msaidizi akatokea na bomba la sindano.

"Karibu, mzee. Leo umekuja na mwenzako?"

"Nimemleta," akajibu, huku akifungua mkanda wa suruali. "Lakini anza na mimi, aone."