Birago, Mlinzi wa Injini

Afua Birago hakuwa fundi wala hakuwahi kumiliki gari, lakini hapa Suame Magazine, mtaa wa magereji wa Kumasi, hakuna injini ya maana iliyofunguliwa kwenye kichochoro chetu bila yeye kuketi kando yake. Kazi yake ilikuwa kutoamini watu. Ukileta gari kutoka mbali na huna muda wa kukaa ukikodoa macho, unamlipa Birago akukalie. Anakuja na kigoda chake asubuhi, hatoki mpaka fundi wa mwisho afunge, na ole wake atakayetaka kukutolea pampu nzima akupachikie kimeo.

Mimi nashona viti vya magari, na cherehani yangu inatazamana na gereji ya Bosiako, kwa hiyo nimemwona Birago kazini kuliko mtu yeyote. Nasema wazi kwamba nampenda, na nasema wazi kwamba anachosha. Ukimsifia kitambaa anauliza unataka nini. Mume wake wa pili, Birago ndiye aliyemfukuza, kwa kosa la kurudi kutoka msibani na viatu visivyo na vumbi.

Silaha yake ilikuwa chupa ya rangi ya kucha. Kila kifaa cha injini anakitia tone moja mahali fulani, ili kikibadilishwa ajue. Mafundi walijua ana alama zake, ila hawakujua ni za rangi gani wala ziko wapi, maana alikuwa akibadilisha kila gari. Mimi nilijua kwa sababu chupa aliificha kwenye boksi langu la nyuzi, na hata hapo aliniapisha.

Msimu huo wa mahindi, mfanyabiashara mmoja wa Ejura, Bi Foriwaa, alileta pikapu yake ifanyiwe oveholi. Bosiako akaivunja injini yote, akaijenga upya, kisha kama kawaida yake akaipulizia rangi nyeusi kuanzia kichwa mpaka puli ya mbele, ing'ae mwenye mali afurahi. Rangi ilipokauka Birago akapita na chupa yake. Safari hii ilikuwa nyeupe. Puli akaitia tone kwenye ukingo, akaendelea na vingine.

Kilichobaki kilikuwa distribyuta, kile kifaa kinachozigawia plagi cheche. Bi Foriwaa alikuwa amechoka na ile ya zamani ya pointi, akanunua mpya ya elektroniki. Sasa kwetu fundi injini hagusi waya, na fundi umeme hagusi spana za injini, lakini distribyuta imekaa mpakani. Bosiako ndiye wa kusema pistoni ya kwanza iko juu, na Issahaku, fundi umeme wetu, ndiye wa kuitumbukiza distribyuta ielekee panapotakiwa ili cheche itoke kwa wakati wake. Issahaku alitoka Yendi akiwa kijana. Watoto wake wote wamezaliwa Kumasi, na bado watu wa kichochoroni wakimtaja husema "yule mtu wa kaskazini".

Birago hakuipenda distribyuta ile hata kidogo. Ya zamani ukifungua kifuniko unaziona pointi zikiachana na kugusana, hata yeye alikuwa amejifunza kuzisoma. Hii mpya ndani yake kuna kidude kimezibwa pande zote, hakifunguki, unaambiwa tu kinafanya kazi.

"Kitu kisichofunguka nitakikagua vipi?" aliniuliza.

"Utakiamini," nikamwambia.

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake.

Jumamosi kulikuwa na mazishi mtaa wa pili. Birago akajifunga nguo yake nyeusi, akaenda kutoa pole mara moja. Aliporudi akamkuta Issahaku kwenye meza ya Bosiako, distribyuta mkononi, kifuniko kimetolewa.

"Unaifungua ya nini?"

"Naangalia rota imekaaje, Shangazi. Siwezi kuifunga bila kujua inaangalia wapi."

"Na ukaona heri uangalie nikiwa sipo."

"Ulipokuwepo ilikuwa bado kwenye boksi."

"Boksi nililiacha limefungwa."

"Sasa Shangazi, niifunge kwenye injini na boksi lake?"

Nikacheka. Lilikuwa kosa, kwa sababu kicheko changu kilimfanya Birago aone tumeshapanga njama.

Bosiako akaweka kidole kwenye tundu la plagi ya kwanza, akaizungusha krenki kwa spana mpaka upepo ukamsukuma kidole, akainama kutazama puli, ambako kiwanda huweka alama ya kuonyesha pistoni iko juu, akaisogeza kidogo. "Hapo," akasema. "Alama imekaa." Issahaku akaitumbukiza distribyuta, akahakikisha rota inaelekea kwenye waya wa kwanza, akakaza bolti nusu. Wakati wote huo Birago hakuiangalia puli. Alikuwa akiangalia mikono ya Issahaku.

Walipowasha, stata ilizungusha kidogo tu, injini ikairudisha nyuma kwa teke. Wakajaribu tena. Ikapiga chafya ya moto kwenye kabureta ikamuunguza Bosiako nyusi. Issahaku akaleta taa ya taimingi, inayomulika puli kila cheche inapotoka, akaibana kwenye waya wa kwanza, akaomba stata ipigwe. Taa ikamulika, na alama ikaonekana pale pale inapotakiwa.

"Taimingi yako sawa, pistoni yangu sawa," Bosiako akasema huku akijipapasa nyusi. "Kilichobaki ni hicho kidude."

Issahaku alisimama akiitazama injini. "Hili teke ni la cheche inayowahi mno. Alama inasema haiwahi. Sielewi, Bosi."

"Mimi naelewa," akasema Birago, na akanyanyuka kwenye kigoda. "Ameitoa matumbo ile mpya akaniachia ganda. Alama yangu iko nje, ndani katia kimeo chake. Nzima ameshaiuza, mtaitafuta wapi?"

"Shangazi Birago. Mimi?"

"Kwani hapa nani mwingine aliifungua?"

Neno la Birago kwetu lilikuwa kama kiapo. Hajawahi kumtaja mtu akakosea. Mzee Gyimah, mwenyekiti wa kichochoro, akachukua ufunguo wa kibanda cha Issahaku na kusema kesi itasikilizwa Jumatatu. Ukishafukuzwa kwenye kichochoro chetu kwa wizi, hakuna kingine kitakachokupokea Magazine nzima, na Issahaku hajui kazi nyingine. Alienda nyumbani kwa miguu na sanduku lake la vifaa begani. Watu aliowafungia taa za magari yao walimpisha njia bila salamu. Niliona aibu kwa niaba yetu sote.

Jumatatu tulikusanyika mbele ya pikapu. Birago alieleza alichokiona, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kisha ikawa zamu ya Bosiako.

"Mimi nilifuata alama, Mzee. Hata haikunisumbua kuitafuta. Puli nimeipaka nyeusi, na alama ya kiwanda ni tone jeupe, linaonekana toka barabarani."

Birago alikuwa anakunja kanga yake ya begani. Mikono ikasimama. Akatoka pale taratibu, akavuka, akaja kusimama kwenye cherehani yangu, akalifungua boksi la nyuzi akaitazama chupa.

"Nyeupe," akasema.

"Nyeupe," nikasema.

"Umemwambia mtu?"

"Ndiyo kwanza nami naelewa."

"Nikisema, nani ataniweka tena kwenye injini yake? Mtu anayelipwa kulinda gari, kumbe ndiye kaliharibu."

"Na usiposema?"

"Huyo si ana ndugu zake kule Yendi," akasema, lakini alisema akiangalia chini. Nilikasirika. Nikavuta kitambaa nikaendelea kushona, mshono ukaenda upande.

Alisimama hapo mpaka Mzee Gyimah akaanza kuuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Ndipo akavuka tena. Akawapita wote, akainama mbele ya pikapu, akalikwangua lile tone kwa ukucha mpaka likatoka.

"Bosiako, kiwanda gani?" akasema. "Hii ni mimi. Ni rangi ya kucha."

Kwanza hakuna aliyemwelewa. Kisha Bosiako akachukua kisu, akaikwangua rangi yake nyeusi kuzunguka ukingo wa puli, na mahali pengine kabisa ikajitokeza chale nyembamba, alama halisi ya kiwanda, imezibwa na upulizaji wake mwenyewe. Mzee Gyimah akamuuliza Bosiako alikuwa na haraka ya nini. Bosiako akaendelea kukwangua.

Wakazungusha krenki upya mpaka chale ilipokaa kwenye kielekezi. Issahaku akaitoa distribyuta, ile ile, akairudisha ikiangalia sawa. Stata iligusa tu, injini ikawaka. Akaimulika kwa taa, akaizungusha distribyuta kidogo kidogo mpaka mngurumo ukatulia, akakaza bolti. Watu wakaanza kumpiga mabegani na kumwita kaka. Mzee Gyimah akamrudishia ufunguo kwa mikono miwili.

Issahaku akaenda kibandani, akakaa huko kitambo. Alitoka na sanduku lake likiwa limejaa, akaliweka chini mbele ya kigoda cha Birago.

"Nahama, Shangazi. Nina binamu ana gereji Tamale, huko kwetu kaskazini. Nikague."

"Nikukague nini? Nimeshasema kosa ni langu."

"Kesho kitu cha mtu kikipotea, jina langu litakuwepo. Nikague watu wakiona."

"Issahaku, usinifanyie hivi."

"Nasubiri."

Birago alijaribu kucheka, akatutazama mmoja mmoja, nasi tukatazama pembeni. Mwishowe akainama, akafungua sanduku. Wote tulidhani atagusa cha juu na kufunga. Akatoa koleo, akaliweka kando. Akatoa taa ya kupimia, tepu, misokoto ya waya. Chini kabisa palikuwa na kitambaa kimefungwa fundo, ndani yake kitu kigumu. Vidole vyake vikapita juu yake, vikarudi. Akalikamata fundo, na nikamwona akiinamisha kichwa na kukunja macho kama anavyofanya akikagua pampu. Akalifungua.

Zilikuwa kokwa za kola, za kwenda kuwasalimia wazee wa kwao.

Alipoinua uso, Issahaku alikuwa anamtazama.

"Ndiyo maana nahama, Shangazi," akasema, akakichukua kitambaa mikononi mwa Birago na kukifunga upya.